Mizinga ya nyuki iwe mbali na watoto: tulivyotafuta mahali (Sehemu ya 4)

Najua wengine mnasoma hii huku mnasubiri maharage yaive.

Baada ya sehemu ya tatu, nilipowaambia kwamba kikundi chetu cha akina mama 12 hapa Manyoni kimenunua mizinga 10 kwa pesa ya mfuko wetu, meseji ziliingia nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja. "Nesi, niiweke wapi? Nyuma ya nyumba kuna mwembe mkubwa, panafaa?" Mwingine anauliza kama nyuma ya choo ni mbali ya kutosha. Na mmoja, huyu alinichekesha, anataka kuiweka juu ya paa la banda la kuku kwa sababu kule watoto hawafiki.

Ni kweli watoto hawafiki kule. Lakini nyuki wanafika kwa watoto. Kwa hiyo leo sitaongelea asali wala bei, naongelea mahali tu.

Kwanza uelewe nyuki wetu. Hawa wa hapa kwetu si wale unaowaona kwenye video za ng'ambo, mtu kavaa kaptula anashika sega kwa mikono mitupu huku anatabasamu. Wetu ni wakali kuliko wale. Kinachodanganya watu ni kwamba mzinga unaweza kukaa mwaka mzima kimya. Unapita hapo asubuhi na jioni, unafua nguo chini yake, hamna shida. Halafu siku moja tawi linadondoka, au mbuzi anajikuna kwenye nguzo, au vijana wanarusha jiwe, au mtu anawasha mashine yenye kelele karibu. Siku hiyo ukimya wa mwaka mzima hauna maana tena.

Nyuki akikuuma anaacha mwiba kwenye ngozi, na pale penye mwiba panatoka harufu inayowaita wenzake. Waliowahi kuinusa wanasema inafanana na ndizi mbivu. Ukimpiga kofi ukamponda, harufu inatoka vilevile, ndo maana kujipigapiga kunazidisha tatizo. Dawa yake ni kukimbia, moja kwa moja, bila kusimama, mpaka uingie ndani na kufunga mlango.

Sasa fikiria nani anaweza kukimbia. Wewe unaweza. Kijana wa darasa la saba anaweza. Mtoto wa miaka 2 hakimbii. Anakaa chini, anafumba macho, analia akimwita mama. Na mbuzi aliyefungwa kamba naye hakimbii.

Chukua kadi ya kliniki ya mwanao uangalie uzito wa mwezi huu. Inakadiriwa kwamba sumu ya miiba kama 20 kwa kila kilo moja ya mwili inaweza kuua mtu hata kama hana mzio wowote. Mtoto wa kilo 11 zidisha mwenyewe, ni miiba 220. Mzinga mmoja wenye afya una nyuki makumi ya maelfu. Na hapo bado sijasema lolote juu ya mwenye mzio, ambaye mwiba mmoja tu unaweza kumfunga pumzi.

Kazini kwangu nimewahi kupokea mtoto wa miaka 3 ambaye mizinga ilikuwa ya jirani, imening'inizwa kwenye mti kando ya uzio. Mizinga ilikuwa pale tangu kabla hajazaliwa. Aliyemwokoa ni bibi yake, alimfunika kwa kitenge chake akambeba hadi ndani, na yeye mwenyewe bibi akaumwa vibaya kichwani. Tulitoa miiba zaidi ya 60 kwa mtoto yule, tukikwangua kwa ukingo wa kadi. Usiku ule hatukumruhusu kurudi nyumbani, tulimpeleka hospitali ili aangaliwe mkojo. Maana sumu ikiwa nyingi inavunja misuli na kuumiza figo, na hilo halionekani saa ile ile. Linaonekana baadaye, mkojo unapotoka mweusi kama chai ya rangi. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa pale uani walikufa.

Mimi nikiwa na picha ile kichwani, ndo nikaingia kwenye kikao cha kikundi kuchagua mahali.

Eneo la kwanza lililopendekezwa lilikuwa shamba la mama mkwe wa mwenzetu, hatua kama 90 kutoka jikoni. Kwa macho lilikuwa zuri. Kivuli cha mwembe, bomba la maji karibu, na mama mwenyewe yupo nyumbani kutwa. Waume zetu walilipenda sana hilo. Hoja yao ilikuwa wizi. Baba watoto wangu alisema wazi kwamba mzinga usiouona ni mzinga wa mwizi. Na hakukosea, wizi wa asali upo, na mwizi wa asali mara nyingi anachoma na kundi lote.

Lakini nikawauliza, huyo mlinzi wetu ni nani? Ni bibi wa miaka karibu 70 na wajukuu 5 wanaocheza chini ya mwembe huo huo. Tukabishana wee mpaka chai ikapoa. Aliyemaliza mjadala ni mama mkwe mwenyewe. Alikuwa amekaa pembeni anachambua mchicha, hakuinua hata kichwa. "Wanangu, wazee wetu mizinga waliipeleka porini. Hawakuwa wajinga. Hapa wajukuu zangu wanalala." Basi, ikaisha.

Wataalamu wa nyuki mara nyingi hushauri mita 200 hadi 300 kutoka kwenye makazi, shule, njia na mazizi. Mimi nichukulie kama nesi mwoga, lakini kwangu hiyo ndo ya chini kabisa. Kama una uwezo wa kwenda kilomita nzima, nenda. Wala usiogope kwamba nyuki watakosa chakula au hawatafika kwenye maua ya shambani kwako. Nyuki anaruka kilomita 2 hadi 3 kutafuta maua bila shida. Umbali unaokuchosha wewe kwa miguu, kwake ni dakika chache.

Eneo la pili lilikuwa kando ya korongo, palipo na migunga mingi. Yakichanua pale unasikia mvumo tangu mbali. Sote tulipapenda. Kabla hatujakata shauri tukaenda kumwamkia mzee mmoja wa kijiji jirani ambaye amerina asali tangu ujana wake. Tulimweleza sifa zote za mahali pale. Akasikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Mmekaa pale kutwa?" Hatukuwa tumekaa. Akasema nendeni mkakae, tangu jua linachomoza hadi linazama, halafu mnihesabie waliopita.

Tukapeana zamu, wawili wawili, na daftari. Mpaka saa sita mchana tulikuwa tumehesabu watu 47, na 18 kati yao watoto wenye madumu au mabegi ya shule. Kumbe pale ni njia ya mkato ambayo sisi wakubwa wa upande huu hatuitumii. Makundi mawili ya ng'ombe yakapita kwenda kunywa. Jioni wakaja wasichana kuokota kuni. Kwa macho ya mtu aliyefika mara moja saa nane mchana, pale ni pori tupu. Ukikaa kutwa, ni barabara.

Ningependa kila mmoja wenu afanye hivi, na ni bure. Chukua maji, kiti na daftari, kaa kutwa moja. Rudi siku ya mnada na siku ya shule, maana wapitao hubadilika.

Kuna jambo jingine tuliloliona pale korongoni, nalo ni maji. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Ikifika Septemba na Oktoba, watu wanachimba visima vya mchanga kwenye korongo. Nyuki nao wanahitaji maji, ya kunywa na ya kupoza mzinga wakati wa joto. Kwa hiyo kwenye kile kishimo kidogo cha maji anakutana mama mwenye mtoto mgongoni, punda, na nyuki mia mbili wenye kiu. Nyuki wa majini kwa kawaida hana hasira, lakini mtoto akiweka kiganja juu yake ataumwa, na mama akianza kupunga kanga hewani mambo yanaharibika. Ukisikia kijiji kinagombana na mfuga nyuki, mara nyingi ugomvi ulianzia bombani.

Kwa hiyo usichague mahali kwa kuangalia maua tu. Uliza, nyuki hawa watakunywa wapi mwezi wa kumi? Kama jibu ni bomba la kijiji, bado hujapata mahali.

Eneo la tatu ndilo tulilochukua. Ni kichakani, kwenye mwinuko mdogo, mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Ni eneo la kijiji, kwa hiyo tuliandika barua kwa mtendaji, tukasubiri kikao, tukapewa muhtasari wenye muhuri. Fanyeni hivyo hivyo, hata kama mwenyekiti ni shemeji yako. Na kama pori mnalolitaka ni msitu wa hifadhi, msiingie kienyeji, anzeni kwa afisa nyuki wa wilaya yenu, atawaeleza kibali kinapatikana wapi.

Kichaka kile ni kinene, na hilo ni jema. Nyuki akitoka kwenye mzinga na kukutana na ukuta wa miti, anapanda juu kwanza, anaruka juu ya vichwa vya watu. Kwenye uwanja mtupu anapita usawa wa uso wako. Milango ya mizinga tumeielekeza kinyume na kijia tunachoingilia, na kinyume na upepo mkali wa kiangazi. Kuna kivuli cha mchana lakini jua la asubuhi linaingia. Maji hayasimami hata mvua zikiwa kubwa.

Maji ya kunywa hakuna, na kwangu hiyo ilikuwa nafuu, maana hakuna mtu anayekwenda kule kuchota. Tumepeleka sisi wenyewe. Pipa la plastiki tumelikata nusu, tukaweka mawe na vijiti ndani ili wasizame, na tukaliweka hatua kama 30 kutoka kwenye mizinga. Tulilijaza kabla hata ya nyuki kuingia. Hiyo ni muhimu sana jamani, kwa sababu nyuki wakishazoea bomba la kijiji, kuwahamisha pale ni kazi. Wape maji yao tangu siku ya kwanza, na yasikauke.

Kuhusu wizi, sitawadanganya, bado upo. Tumetoa taarifa kwa wafugaji wa ng'ombe wanaochunga upande ule, na tumekubaliana kuwapa asali kidogo kila mavuno. Huo ndo ulinzi wetu. Tumeweka pia kibao cha HATARI NYUKI chenye picha, maana si kila mtoto anajua kusoma. Mizinga tumeining'iniza kwa waya, usawa wa kiuno, kwa sababu ya nyegere. Yule mnyama hana adabu, mzinga ulio chini au kwenye gogo la kupandia anaupasua usiku mmoja. Waya tunaupaka grisi ili siafu na sisimizi wasipite. Na kuzunguka eneo lote tumefyeka ukanda usio na nyasi, kwa ajili ya moto wa kiangazi.

Viuatilifu ni jambo ambalo halina jibu safi. Upande wa chini kuna mashamba ya alizeti na wengine wanapuliza dawa. Hatuwezi kuwaambia nyuki wasiende. Tulichofanya ni kwenda kuongea na wenye mashamba, wapulize jioni nyuki wakisharudi, na wasipulize maua yakiwa wazi. Baadhi wamekubali, wengine wameitikia tu kwa adabu.

Sasa nije kwenye kitu kilichonisumbua mimi kuliko vyote, na sijakiona kikiandikwa mara nyingi. Mzinga ukiwa mbali na nyumbani, mtoto yuko salama. Lakini wewe unayeuhudumia uko mbali na zahanati. Mwenye mzio mkali hana muda. Uso unavimba, anapata vipele mwili mzima, anakohoa, sauti inakwaruza, anatapika, anazimia, yote ndani ya dakika chache. Anachohitaji ni sindano ya adrenalini kwenye paja, haraka. Si maziwa, si kitunguu, si kusubiri tuone.

Ndo maana tuliacha eneo lingine zuri zaidi lililokuwa ndani zaidi ya pori, mwendo wa saa mbili. Mzee yule alilisifu sana, na kwa nyuki pengine lilikuwa bora. Lakini simu haishiki kule na bodaboda haifiki. Mahali petu bodaboda inafika umbali wa kutupa jiwe mara mbili tatu kutoka kwenye mizinga, na mtandao upo ukisimama kwenye jiwe moja ambalo sote tunalijua. Nilisimama juu ya jiwe lile nikapiga simu zahanati kabla sijakubali kutia sahihi. Wenzangu walinicheka. Sawa.

Utaratibu wetu wa kwenda kule ni huu. Haendi mtu peke yake. Haendi mwenye mtoto mgongoni, hata kama mtoto amelala. Mjamzito haendi, kwa sababu mzio ukimpata unamnyima hewa na mtoto tumboni. Aliyewahi kuvimba mwili au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki, kazi yake inabaki nyumbani, kuchuja na kufungasha, na mgao wake ni sawa na wetu. Hatujipaki manukato wala mafuta yenye harufu. Tunavaa nguo nyeupe au za rangi nyepesi, tunabeba bomba la moshi, na kazi ya kufungua mizinga tunaifanya jioni jua likizama. Hiyo ni saa ambayo watoto wote wako ndani, kwa hiyo hata nyuki wakichachamaa usiku unawatuliza.

Ukiumwa mwiba mmoja, utoe mara moja. Watu wanabishana kama ukwangue au uvute, mimi nasema usipoteze muda kubishana, sumu nyingi inaingia ndani ya sekunde 20 hivi. Kwangua kwa ukucha, kwa kadi, kwa chochote kilicho mkononi. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Mtoto mdogo akiumwa mara nyingi, au akiumwa mdomoni au kooni, mlete hata kama anacheza vizuri.

Kwa mnaoishi mjini kwenye viwanja vya kubanana, jibu langu ni fupi. Usiweke. Tafuta shamba la ndugu kijijini au mchange na wenzenu kama sisi. Kama ni lazima uwe na nyuki karibu, uliza kuhusu nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo lakini bei yake ni nzuri, na mtoto hana cha kuogopa pale.

Na kwa kuwa nimetaja asali na watoto, nirudie lile la sehemu ya pili kwa waliolikosa. Mtoto chini ya mwezi wa 12 asilambishwe asali kabisa, iwe ya dukani au ya kwetu, hata kidogo kwenye ncha ya kidole kwa ajili ya kikohozi. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi, na vinaleta ugonjwa wa kulegea misuli hadi kupumua kunashindikana.

Hadi naandika hii, mizinga 4 kati ya 10 imeingia nyuki. Sita bado mitupu, tumeipaka nta upya ndani. Sehemu ya tano nitawaandikia jinsi ya kuwavuta nyuki waingie, na kwa nini kundi lingine huingia na kuhama. Kesho asubuhi ni zamu yangu na mwenzangu mmoja kupeleka maji, madumu manne kwenye baiskeli. Mdogo wangu anabaki na bibi yake.